Kadi ya Picha ya Baba Mkwe

Ulimi huponza kichwa, na wangu haujawahi kukiacha salama. Nilipomwona baba mkwe akigonga mti wa pili kwenye gemu ya kuendesha basi, ningenyamaza zangu nikanywa chai. Badala yake nikasema, "Baba, tatizo ni kompyuta. Ni ya zamani, haina kadi ya picha ya maana, kile kifaa cha kung'arisha picha."

"Umesikia?" Mzee akamgeukia mkewe kama mtu aliyeshinda kesi. "Mimi naona. Kompyuta ndiyo haioni!"

Mzee ni dereva mstaafu wa mabasi. Bosi wake wa zamani alimwomba arudi kazini Jumatatu kubeba wafanyakazi wa kiwanda, naye sare ameshaipiga pasi. Mama mkwe hakutaka kabisa. Alidai kwamba siku hizi mumewe huamkia kabati akidhani ni mgeni. Walibishana hadi majirani wakachoka, mwisho wakakubaliana: mzee aendeshe basi la kwenye gemu safari moja bila kugonga kitu. Akifika salama, mama anyamaze. Miti miwili ikaanguka, na mimi nikaropoka.

Basi kazi ikawa yangu. Nilikuwa nimeoa juzijuzi tu, na katika ukoo ule nilijulikana kwa jambo moja: pazia nililolipachika sebuleni, likawaangukia wageni. Tangu hapo mzee huniita "yule kijana". Nilitamani aniite fundi, angalau mara moja kabla sijaota mvi.

Kesho yake nikatafuta kadi kuukuu, kubwa kama tofali. Sasa kompyuta ile ni ya kupakata, haina nafasi ya dude kama lile. Njia pekee ni kufungua mgongo wake, kung'oa kidude cha waifai na kuchomeka waya wa kadi palepale. Kadi nayo haishibi umeme wa kompyuta, inataka pawa saplai yake yenyewe. Tena picha yake hutokea kwenye skrini nyingine ya pembeni, si kwenye kioo cha kompyuta. Kufika alasiri, kompyuta ya kupakata ilikuwa imeteka meza yote ya chakula, matumbo nje, na mama mkwe anakula sahani ameipakata yeye.

"Intaneti imeenda wapi?" akauliza.

"Nimeing'oa, Mama."

"Ameing'oa!" akasema kwa sauti ya kumfikia binti yake jikoni. Mke wangu akacheka hukohuko. Kuja kunitetea, hakuja.

Kompyuta ikakataa kuitambua kadi. Nikazima, nikawasha. Wapi! Kumbe waya haukuingia sawasawa. Jasho linanitoka, na mzee amekaa mbele ya kompyuta, mikono kwenye usukani wa plastiki wa gemu, ananitazama kwa huruma. Hatimaye feni ya kadi ikavuma. Nikafungua gemu kwenye kioo kilekile cha kompyuta, kisha nikaingia chini ya meza kutafuta waya wa skrini.

"Ahaa!" mzee akapaza sauti. "Sasa naona! Majani, vibao vya barabarani, kila kitu! Mkwe wangu, wewe ni fundi!"

Nikaganda chini ya meza. Waya wa skrini ulikuwa mkononi mwangu, haujachomekwa popote. Mzee alikuwa akiangalia picha ileile ya jana.

Sifa ile ilikuwa tamu, sitaki kudanganya. Ningejifanya sijui, nani angegundua? Lakini Jumatatu kungekuwa na watu mikononi mwake, basi zima.

Nikachomeka waya. Skrini ya pembeni ikawaka, safi hadi mimi mwenyewe nikashtuka: kokoto za barabarani unaweza kuziokota, na mbele mwanamke amemshika mtoto mkono, wanavuka. Nikaigeuza imwelekee.

"Baba," nikasema taratibu, "ile ilikuwa bado. Hii ndiyo yenyewe. Mbele kuna nini?"

Akasogea. Akasogea tena, pua karibu iguse kioo.

"Barabara," akasema. Kisha akaninong'oneza, "Kuna mtu?"

"Wawili, Baba."

Mikono yake ikateleza kutoka kwenye usukani. Roho iliniuma, nikatamani nisingeuliza. Akachukua simu, akampigia bosi wake.

"Bosi, tafuta dereva mwingine. Nilikuwa najinoa kwa kompyuta, sasa mkwe wangu ameiharibu. Na mimi bila mazoezi siingii barabarani, unanijua."

Mama mkwe alikuwa keshasimama mlangoni, na mke wangu nyuma yake na mwiko. Nikanyoosha mguu chini ya meza, nikazima swichi ya pawa saplai. Feni ikanyamaza, skrini ikawa giza.

"Umeiharibu?" mama akauliza.

Mzee hakuinua kichwa.

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Tena haitengenezeki."