Mkia wa Hapana

Alikuwa anatafuta kisosi cha kufunikia chai yake, akakikuta kimejaa vifungo. Vifungo vyeupe vya shati la kiume, vingine bado vina nyuzi zinazoning'inia kama mizizi ya kitunguu kilichong'olewa mapema. Kisosi kilikaa pembeni mwa cherehani ya mumewe, na chini, ndani ya kapu, mashati yenyewe yalikuwa yamelala vifua wazi. Akainua moja. Kwenye mfuko wa kifuani palikuwa na doa la wino lenye umbo la sikio. Doa lile alilijua kama anavyolijua kovu la goti lake, maana kalamu iliyovuja siku ile ilikuwa yake.

"Haya ni mashati ya Kitinda."

Mumewe hakuinua kichwa. Mguu uliendelea kukanyaga, ila kitambaa kilikwisha kupita zamani chini ya sindano. Fundi alikuwa anashona hewa.

"Mashati ni mashati, mama. Yote yana mikono miwili."

Akauma ulimi. Mkewe akamwona alivyouuma.

"Usinishonee maneno. Vifungo umevitolea nini?"

Fundi akasimamisha mguu. Akafungua droo, akatoa utepe mweusi, ule wa pande mbili zinazonatana, akazitenganisha. Ukalia kraa.

"Anataka niweke huu. Vifungo vinataka mikono miwili, na yeye sasa anao mmoja. Wa kulia umelala. Kiharusi."

"Tangu lini?"

"Kabla ya mvua."

"Na wewe unajua, unakula na mimi, unalala na mimi, kimya."

"Wifi yako ndiye aliyeleta kapu. Akaniambia, shemeji, siku ukimwambia mkeo, sikanyagi tena hapa. Nikaona bora nimshonee kwa siri kuliko aende kushonewa na mtu baki."

Mvua ilikuwa inatwanga bati. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, shati mapajani, na chai ikapoa bila kifuniko.

Kitinda alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, na jina hilo la utani halikumwacha hata alipoota mvi. Dada mtu ndiye aliyemfundisha kusoma, na baadaye ndiye aliyemwingiza katika kazi ile ambayo majirani hawakuwahi kuielewa. Wawili hao walikuwa wanatunza kipande cha kiini cha mfumo wa kompyuta, ule mfumo huria ambao kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuunakili na kuulalamikia bila kulipa. Kipande chao kilikuwa kidogo: zile kanuni zinazoelekeza kompyuta mbili zizungumze vipi mtandaoni. Nani aanze, nani aitikie, na mmoja akinyamaza ghafla, mwenzake amngoje mpaka lini kabla ya kukata. Simu za mifukoni, mashine za benki, mitambo ya hospitali, zote zilipita humo, na wenyewe hawakujua, kama vile mtu asivyomjua aliyechimba msingi wa nyumba anayolala. Mshahara wa dada ulitoka shirika la maji. Kiini kilimlipa lawama.

Watu wa kila pembe walileta viraka vyao kwenye baraza la barua pepe, mistari michache ya msimbo, yale maagizo ya kompyuta, ya kuziba tundu fulani, na dada kama mtunzaji mkuu alivisoma, akapitisha au akakataa, hadharani. Kilichoandikwa barazani hakikufutika. Hata mjukuu wa mjukuu angeweza kukikuta.

Walimwita Mama Hapana, kwa kuwa viraka vilivyorudi vilikuwa vingi kuliko vilivyopita. Lakini hakuna aliyemchukia, maana hapana yake ilikuwa na mkia. Akishamchambua mtu kama karanga, mstari kwa mstari, mwisho wa barua aliandika daima: *Rekebisha, tuma tena.* Wageni wa baraza waliambiana kwamba ukipata mkia umepata mwalimu. Hata mumewe alikuwa na lake la kuwachekesha wateja: "Mimi mwenyewe posa yangu ilirudi. Nikairekebisha, nikatuma tena."

Kisha baba yao akaugua. Yeye, kama mkubwa, alisema mzee arudishwe nyumbani akapumzike. Hospitalini wanamtoboa bure. Kitinda alisema wangoje. Mzee akarudishwa, akafia sebuleni alfajiri, midomo ikichezacheza kama mtu anayetafuta neno. Siku walipotoka makaburini, udongo ukiwa bado kwenye viatu, Kitinda alimwambia dada yake: "Umemkata kabla hajamaliza kusema." Tangu siku hiyo hawakukaa chumba kimoja.

Barazani, lakini, waliendelea. Wangeacha vipi? Kanuni hazina msiba. Kitinda alileta viraka vya kuongeza muda wa kungoja: watu wengine mtandao wao ni dhaifu, aliandika, wapo, ila wanachelewa. Dada akajibu kwamba kumngoja asiyejibu ni kumla aliye hai. Kila anayengojwa anakalia kumbukumbu ya mashine, na kumbukumbu si shamba la urithi. Kila mmoja alikuwa na ukweli wake. Watu wa mbali waliwasoma wakadhani ni wataalamu wawili wanabishania sekunde.

Na hapo mvua zilipoanza kikaingia kiraka cha mwisho. Kitinda, ambaye msimbo wake ulikuwa msafi kama sakafu ya bibi arusi, alikuwa ameleta uchafu. Nafasi zimeruka, maneno yamekatika, na mahali penyewe, pale pa kupima kama muda umekwisha, alama ilikuwa imegeuzwa: badala ya kumngoja aliyenyamaza, msimbo ungemkata papo hapo. Dada alikisoma, damu ikampanda. Aliona dharau. Aliona mtu ambaye hata kumheshimu kwa kazi ya mikono amechoka. Akajibu: *Mwandishi alitaka kungoja, akaandika kukata. Nimekataa.* Chini yake akaweka jina lake. Mkia hakuuweka. Alijua hakuuweka, kidole kilisimama juu ya kibodi, kikarudi.

Sasa alikuwa na shati mkononi na alijua kiraka kile kiliandikwa kwa mkono gani.

"Barua yangu ile," alimwuliza mumewe. "Unajua nilichoandika?"

"Mimi sisomi huko kwenu." Fundi alikuwa anaokota uzi sakafuni, uzi ambao haukuhitaji kuokotwa. "Wifi yako alinisomea."

* * *

Wifi yake alimfungulia mlango nusu. Ni wifi wa nyumbani, si wa hewani, ingawa siku hiyo ishara ilikuwa hafifu vilevile.

"Umepotea, wifi."

"Nimepotea. Nimerudi."

Yule mwanamke alimtazama viatu, akamtazama mwavuli, kisha akafungua nusu iliyobaki. "Yupo ndani. Ila usimmalizie maneno. Kila anayekuja anammalizia, na yeye anakasirika, na akikasirika ndiyo yanaganda kabisa."

Kitinda alikuwa amekaa mezani, karibu na dirisha, amevaa fulana. Kibodi ilisogezwa kushoto. Mkono wa kulia ulilazwa juu ya mto mapajani, kama paka wa jirani asiye na hakika kama ameruhusiwa. Nusu moja ya uso ilimwona dada yake ikabadilika. Nusu nyingine haikupata habari.

"Ma..." alianza. "Ma... ma..."

Yeye alikuwa na neno mdomoni, tayari. Maisha yake yote alikuwa mtu wa neno tayari. Akaling'ata. Nje mtu alikuwa anakokota geti la chuma. Likafika mwisho, likapigwa komeo, hatua zikaondoka. Jikoni sufuria ilifunikwa. Bado mdomo wa mdogo wake ulikuwa unatafuta, na yeye akaona kwamba alishawahi kuona mdomo ukitafuta vile, alfajiri moja, sebuleni, na kwamba wakati ule alikuwa ameinuka kwenda kufungua pazia.

"...Ha-pana," Kitinda akamaliza. Upande mmoja wa mdomo ukacheka.

"Ndiye mimi." Akavuta kiti. Maneno yakamtoka mbio, kama kawaida yake akiogopa. "Sikiliza. Kile kiraka nitakirekebisha mwenyewe, ni alama moja na nafasi chache tu, hata saa nzima haiishi. Kitapita na jina lako juu, toleo hilihili la mfumo, milango ya kupokea viraka haijafungwa. Hakuna atakayejua..."

Mdogo wake alikuwa anatikisa kichwa tangu neno la kwanza.

"Hu... ruma." Akapumzika. "Si... taki."

"Si huruma, Kitinda. Ni..."



Mkono wa kushoto wa mdogo wake ukainuka, ukaenda kwenye kioo cha kompyuta. Barua ya dada yake ilikuwa wazi pale, ile fupi. Yaelekea haikuwahi kufungwa. Kidole kilishuka mstari kwa mstari, polepole, kikapita *kungoja*, kikapita *kukata*, kikapita *Nimekataa*, kikafika pale peupe kati ya neno hilo na jina la dada yake. Kikagonga. Kikagonga tena.

"Ha-pa," Kitinda alisema.

Dada yake alingoja. Chai aliyoletewa na wifi yake iliweka utando juu, na hakuigusa.

"Hapa... pa... me..." Jasho lilikuwa limemtoka mgonjwa kwenye paji la uso. "...pu-ngua."

Dada aliitikia kwa kichwa, na machozi yakadondoka juu ya mwavuli mapajani, yakajichanganya na maji ya mvua.

Baadaye, alipoaga, alijaribu. "Kuhusu baba..." Kitinda akafumba macho. Dada hakujua kama mdogo wake amechoka au amefunga mlango. Akatoka akinyata.

Wifi yake alimsindikiza mpaka getini bila mwavuli. "Anaamka asubuhi anaketi pale pale mezani," alisema. "Mstari mmoja siku nzima. Daktari amesema kikija cha pili..." Sentensi ikabaki hapo, katikati ya mvua. Hakummalizia.

* * *

Aliandika mchana uliofuata, mbele ya baraza zima, kama anavyomwandikia mtu yeyote. Hakupunguza kitu. Mstari huu una nafasi mbili, weka moja. Jina hili limekatika herufi ya mwisho. Alama hapa imegeuka. Tukiiacha, tutamkata mtu ambaye bado yupo. Hoja ya kuongeza muda naipinga kama nilivyoipinga siku zote, lakini nataka kuisoma ikiwa imeandikwa sawasawa ndipo niipinge. Akakataa. Kisha akaweka mkia, *Rekebisha, tuma tena*, na chini ya mkia neno moja ambalo barazani hawakuwahi kuliona kutoka kwake: *Nangoja.*

Hakuomba radhi kwa barua ya kwanza. Ilikuwa pale juu, pamoja na tarehe yake, na ingekaa pale.

Siku za kufunga milango ya toleo zilipofika, mmoja wa wasaidizi wa baraza, mtu makini, mwenye haraka za watu makini, aliuliza: kiraka hiki mwandishi wake amekaa kimya, tukiondoe foleni?

*Hapana*, alijibu. Hiyo hakuiwekea mkia.

Milango ikafungwa. Foleni ikasafishwa, mamia ya viraka vikapita au vikatupwa, na kile kikabaki peke yake kwenye ukurasa mweupe, jina la Kitinda pembeni yake. Kulikuwa na mambo mawili ya pili yanayongojwa sasa, toleo la pili la kiraka na kiharusi cha pili ambacho daktari alikitaja, na hakuna aliyejua litakalotangulia. Alijifunza kuufungua ukurasa ule bila kushusha pumzi, na kuufunga vivyo hivyo.

Mumewe alikuwa anamalizia shati la mwisho, lile lenye doa. Akalijaribu kwa mkono mmoja, wa kushoto, jinsi mwenyewe atakavyolifanya: akalifunga, akalifungua. Kraa.

"Vifungo umevitupa?" mkewe alimwuliza.

"Nivitupe, mimi mwendawazimu? Pitisha mkono kwenye pindo la chini. Ndani."

Akalipokea. Akapapasa pindo kwa vidole, polepole, mpaka akavikuta, vidogo, vigumu, vimeshonewa mstari upande usioonekana, kimoja baada ya kingine.

"Nguo ni yake," fundi alisema, "na vifungo ni vyake."

Mkewe alilikunja shati, akaliweka juu ya mengine kapuni, akarudi mezani kwake. Mvua ilikuwa imepungua lakini haijaacha. Fundi aliinuka, akakiosha kile kisosi, akamimina chai, akaifunika, akaiweka karibu na kibodi.

Aliisahau. Alipokuja kukigusa kikombe, giza lilishaanza kuingia, na kilikuwa bado kina uvuguvugu.