Nati ya Waya wa Kijani

Mimi nina hasira za karibu na sipendi kukaguliwa. Nasema mapema ili usije ukanihurumia mahali pasipofaa.

Jumamosi ile, saa tisa kasoro hivi, nilikuwa peke yangu karakana ya chuo chetu, Kariobangi, nakung'uta aproni niipeleke nyumbani ikafuliwe. Kitu kikaanguka sakafuni, kikaviringika mpaka chini ya meza. Nikainama nikakiokota. Ilikuwa nati, ndogo, ya shaba. Nikaitazama kwanza bila kuelewa, kisha nikaelewa, nikakaa pale pale chini.

Chuo chetu kina kozi nyingi, lakini mbili zinategemeana. Sisi tunasomea kutengeneza vifaa vya elektroniki, wale wa jengo la pili wanasomea kupanga hafla. Sisi tunaunda, wao wanatumia. Mwalimu Kweyu ametupanga kama kiwanda. Kila mtu anapewa trei yenye vipande vilivyohesabiwa, na kazi ikiisha trei lazima ibaki tupu. Kipande kikibaki, mashine inafunguliwa upya. Halafu kuna sheria yake ya pili, anayoirudia mpaka inachosha masikio: mkono uliofunga sio mkono unaopima. Mwenzako ndiye anapima, anatia sahihi kwenye stika, ndipo kitu kinatoka mlangoni.

Ijumaa mimi nilifunga boksi la kugawa stima. Ni la bati, lina soketi sita. Trei yangu ilibaki tupu, nikajisifu, kumbe nati moja ilikuwa imedondokea mfukoni mwa aproni. Nati yenyewe ndiyo inabana ule waya wa kijani, unaopeleka stima ardhini ikipotea njia. Bila nati, waya unaning'inia ndani ya boksi. Ukitikiswa na kugusa waya wa moto, kila chuma kilichounganishwa na soketi zile kinakuwa na stima, na huwezi kujua kwa kutazama. Unajua ukishika.

Boksi lilikuwa la Zaitun, wa darasa la hafla. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa kupanga kupamba kwa Ummulkheir kule mtaa wa Ziwani, yaani ile sherehe ya wanawake peke yao kumwona bibi harusi alivyopambwa. Ummulkheir ni dada yake Fahim. Na Fahim ndiye mwenzangu wa meza, ndiye aliyepaswa kupima.

Zaitun alikuja kuchukua boksi saa saba na nusu, mkokoteni ukimngoja nje. Fahim alikuwa ameenda kuswali, ni Ijumaa. Nusu saa tu angekuwa amerudi. Lakini nusu saa ya kungojea mtu aje akague kazi yangu, mimi Luseno? Nilikuwa nimechomeka balbu na ikawaka, nilitaka nini tena? Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye stika: imepimwa, Fahim Jamil. Nikatia na sahihi yake. Naijua vizuri, tumekaa meza moja mwaka mzima. Zaitun alipoona jina akatabasamu. "Kama ni Fahim, nimetulia," akasema.

Sasa nati iko mkononi mwangu, na boksi liko Ziwani likiwasha taa za tao la chuma ambalo Ummulkheir angesimama chini yake.

Nikampigia Zaitun. Simu imezimwa. Nikapiga tena, imezimwa, na hapo nikakumbuka: kwenye kupamba simu zote zinakusanywa mlangoni, picha ya mwanamke bila buibui isije ikazunguka mtaani. Ukumbi mzima, wanawake mia mbili, na hakuna hata mmoja ambaye ningeweza kumpata.

Namba ya Fahim nilikuwa nayo. Nikaifungua, nikaiangalia, nikafunga simu.

Nilijiambia Fahim atakuwa ameenda kwa kina bwana harusi, hatasikia, ana shughuli. Uongo mtupu. Nikapanda boda boda, nikamwambia dereva Ziwani, upite Juja Road au kwingine sijui mimi, enda. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia ni msiba, na nilipolisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu nikamwambia aongeze mwendo.

Kuna jambo nililowaza njiani ambalo sijamwambia mtu. Tulipokwama kwenye jam ya Pangani, niliwaza: jina lililo kwenye stika si langu. Mtu akifa, watasoma Fahim. Wazo lilikuja lenyewe, sikuliita, lakini pia sikulifukuza haraka. Lilikaa nami mpaka tukapita ile jam.

Ukumbi wenyewe una ua mbele. Upande mmoja wanaume walikuwa na sufuria za pilau juu ya moto, upande wa pili ni mlango uliofunikwa na pazia zito. Mbele ya pazia ameketi Bi Hayat, shangazi yake bibi harusi, na ndoo ya plastiki iliyojaa simu miguuni.

"Mwanangu, hapa hapaingii mwanamume," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo shangazi. Nahitaji Zaitun atoke. Sasa hivi."

"Marahaba. Zaitun ana kazi. Bibi harusi ndio anatoka."

"Basi niambie stima inazimiwa wapi."

"Kwenye kile kizimba nyuma, na ufunguo anao mlinzi, na mlinzi ameenda Muthurwa kununua viatu." Akanitazama kutoka chini mpaka juu. "We unataka giza liingie ndani uchungulie nini? Mwaka jana kuna mmoja alikuja na hadithi ya bomba limepasuka. Tulimpa bomba, la mgongoni."

Ndani ngoma ikapanda. Harufu ya udi na marashi ilikuja mpaka nje. Nikauliza, "Shangazi, wananyunyiza marashi?"

"Si harusi? Zulia lote limelowa. Na mtoto wetu kavua viatu, watu waione hina ya miguu."

Miguu mitupu, zulia bichi, tao la chuma. Vigelegele vikaanza. Nilijua vigelegele vile ni vya nini: Ummulkheir ameanza kutembea kuelekea jukwaani.

Ningeweza kusema waya umeharibika. Ningeweza kusema mwalimu amenituma. Lakini hadithi zote alikuwa amezisikia, na muda haukuwepo wa kutunga nyingine.

"Boksi la stima nimelifunga mimi," nikasema. "Nimekosea. Nati hii ilifaa kuwa ndani. Akigusa lile tao atakufa, shangazi, atakufa mbele yenu, na ni mimi nitakuwa nimemuua."

Bi Hayat akaitazama nati kwenye kiganja changu. Mama wa miaka sitini na kitu, mnene, mwenye goti bovu, alinyanyuka akapita pazia mbio, na ndoo ya simu ikapinduka. Nikabaki na simu za wanawake mia mbili zimetawanyika miguuni pangu. Ndani vigelegele vilikuwa bado vinaendelea. Nikahesabu. Nilifika ishirini na sita. Nikaanza kusema Mungu, Mungu, bila kujua naomba nini.

Muziki ukakatika. Taa zilizokuwa zinaonekana kwa juu ya pazia zikazimika. Kukawa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele, kwa sababu sikujua ni cha boksi kuchomolewa au cha mtu aliyeanguka.

Kisha mtoto mchanga akalia, na mwanamke mmoja akacheka, akasema kwa sauti, "Haya, stima za Nairobi hizo." Nikaegemea ukuta nikalia kama mtoto, na wale wapishi wa pilau wote wakinitazama.

Zaitun akatoka amejifunga buibui, boksi mikononi, macho mekundu kwa hasira. "Mwalimu Asenath amekaa safu ya mbele na karatasi yangu ya maksi, Luseno. Mtihani wangu umeingia giza." Kisha akaniona uso, akashusha sauti. "Ummu alikuwa amebakiza hatua tatu. Na nyanya yake, yule aliyekuwa akinyunyiza marashi, aliegemea lile tao akasema kuna kitu kinamuuma vidole. Tulidhani ni pini za maua. Ana viatu vya mpira yule, ndio pona yake. Tulimcheka."

"Kuna nini hapa?"

Alikuwa Fahim. Ametoka kwenye sufuria, mwiko mkononi, shati limelowa jasho la moto. Alikuwa pale uani muda wote, hatua thelathini kutoka kwenye pazia. Nilimpita nikiingia bila kumwona.

Nikampa nati. Fahim hahitaji kuelezwa mambo mara mbili. Akaweka mwiko chini, akaomba kisu kwa wapishi, akafungua skrubu nne za boksi. Waya wa kijani ulikuwa umelalia ule wa moto, ncha yake imekuwa nyeusi. Akaugusa kidogo kwa kisu, ukarudi palepale. Kisha akafunga kifuniko, na ndipo akaiona stika.

Akasoma jina lake. Akapitisha kidole juu ya sahihi, polepole, kama anayetaka kukumbuka.

"Mimi jana nilikuwa msikitini," akasema.

"Ndiyo."

"Angekufa Ummu, ningeapa sijatia sahihi hii. Kisha ningeiangalia vizuri, ningeona ni yangu. Ningejiuliza maisha yangu yote ni saa ngapi nililipima nikasahau."

Zaitun alirudi ndani, maana wanawake walikuwa wanamwita atafute taa za betri. Tukabaki wawili, na boksi katikati yetu kwenye vumbi. Nikamwambia Fahim nitaenda kwa Mwalimu Kweyu Jumatatu nieleze yote, nifukuzwe kama ni kufukuzwa. Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaiwasha kioo, akanionyesha. Chaji imejaa, mtandao upo, hakuna simu yoyote iliyoingia.

"Nimekuwa hapa tangu asubuhi," akasema. "Ungenipigia ukiwa Kariobangi, hiyo kitu ingechomolewa kwa dakika moja. Ningemtuma mama tu. Mbona hukunipigia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa Ummu atakufa, au uliogopa mimi nitajua?"

Nyuma ya pazia walikuwa wameanza kuimba bila muziki, kwa makofi tu, na Ummulkheir anapanda jukwaani. Fahim alisimama pale na simu yake mkononi akingoja jibu. Mimi nilikuwa nalo, na sikulitoa.