Goli Lililosikika Duka Moja Tu

Mke wangu husema kwamba nikipewa chai ya bure, nitauliza kwanza nani amekohoa juu ya kikombe. Sibishani naye. Nimeuza viatu vya michezo na jezi tangu sijaota ndevu, na ukikaa kwenye biashara hiyo utaona watu wazima na akili zao wanakudanganya hata namba ya miguu yao wenyewe. Kwa hiyo Jumamosi ile niliyofunga safari kwenda kumvizia mdogo wangu, sikwenda kwa pupa. Nilikuwa na sababu zangu.

Mdogo wangu huyu ni dada yangu wa pekee. Kiwanda alichokuwa akishona kilipofungwa, nilifungua duka la pili upande wa nyuma ya mlima, kwenye mji anakoishi na watoto wake, nikamkabidhi funguo. Duka ni langu, lakini nyumba yake ilikuwa inakula humo, maana mumewe ni mtu wa leo ipo, kesho haipo. Mumewe anauza matangazo ya redio ya mji wetu. Siku za kazi analala kwetu mjini, Jumapili anarudi kwake. Wenye maduka wote tunamwita Bwana Mawimbi, kwa sababu hawezi kumaliza glasi ya maji bila kukueleza mawimbi ya redio yao yanafika wapi.

Ndiye aliyenijia siku moja na ramani. Mlima ulikuwa katikati, na pande zote mbili zilikuwa nyekundu. Akaitandaza juu ya kaunta yangu akasema palipo na rangi nyekundu pote, jina langu litaingia masikioni mwa watu. Nikamuuliza mlima je? Akacheka, akaniuliza kama nimewahi kuona mlima una masikio. Huyo ndiye shemeji yangu, ukimkamata mkono wa kulia anakuaga kwa wa kushoto. Akaniuzia nafasi kwenye mpira: kila kona ikipigwa, mtangazaji wao, yule mwenye koo la chuma, anataja duka langu na tawi lake la nyuma ya mlima. Na asubuhi, baada ya habari za michezo, tangazo linarudiwa.

Kwetu mjini lilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Vijana waliingia dukani wakimwigiza Koo la Chuma, "Kooona, na kona hii imeletwa kwenu na," halafu wananunua soksi. Lakini nyuma ya mlima hali ilikuwa baridi. Kila nilipokwenda nilikuta maboksi bado yamejaa hadi dari. Na redio nilikuwa naisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Ilikaa kwenye rafu karibu na droo ya hela, ikitoa sauti safi kana kwamba Koo la Chuma ameketi pale pale juu ya raba. Tangazo linasikika, wateja hawaonekani. Sasa wateja wanakwenda wapi?

Jibu nililetewa na dereva anayenisafirishia mizigo. Alimwona dada yangu jioni, akasema, anapita nyumba hadi nyumba na begi kubwa, na ndani ya begi mna viatu. Damu ikanichemka. Nikaunganisha mambo: mimi nalipia redio iwaite watu, watu wanakuja, yeye anawaambia hapa bei ni kubwa, nendeni nyumbani, jioni nitawapitia na vya kwangu. Mke wangu akasema muulize. Nikasema nikimuuliza nitakuwa nimemwamsha.

Nikachagua siku ya mechi ya watani wa jadi, siku ambayo redio ingetaja duka langu hadi watu wachoke. Ningemwondoa dada yangu, nikae mwenyewe kaunta. Wateja wakifurika, basi ndiye anayewageuza, na funguo hataziona tena. Nilishamwahidi nafasi ile binamu ya mke wangu. Mke wangu akaniuliza, na wasipokuja? Nikamwambia wasipokuja itakuwa amewaonya. Akaendelea kukunja nguo.

Nilifika asubuhi, nikampata anapangusa kioo cha mbele. Nikamwambia, mdogo wangu, leo kapumzike, kaka yako atashika duka. Alitabasamu hadi nikaona aibu kidogo, lakini nikaimeza. Akanipa funguo. Alipofika mlangoni akageuka akasema redio nisiihamishe, pale ndipo inaposhika vizuri. Hilo nalo nikaliweka akilini. Mtu asiye na jambo anahangaika nini na mahali pa redio?

Mchana mechi ikaanza. Koo la Chuma alikuwa moto siku hiyo. Kona ya kwanza, jina langu. Kona ya pili, jina langu na wapenzi wetu wa nyuma ya mlima. Mimi macho mlangoni. Akaingia mzee mmoja akauliza kama nauza balbu. Baada yake hakuingia hata nzi.

Kipindi cha pili timu yetu ikafunga. Mimi mtu mzima, lakini goli la watani haliheshimu umri. Niliruka, nikatoka barabarani na mikono juu, kama tunavyofanya kwetu, ambako goli likiingia mtaa mzima unalia kwa pamoja, fundi anaacha gurudumu, mama anaacha sufuria.

Mtaa ulikuwa kimya. Mwanamke mmoja alikuwa anafagia mbele ya duka la dawa. Mtu alikuwa anapampu baiskeli. Ng'ambo ya barabara kinyozi alisimama na mashine mkononi, mteja wake na taulo shingoni, wote wawili wananitazama mimi, mikono juu, peke yangu.

Nikavuka. Nikamwambia kinyozi, goli. Akauliza la nani. Nikadhani ananifanyia mzaha. Ndani kwake redio ilikuwa inaimba nyimbo za mapenzi. Nikamwomba ahamie kwenye stesheni ya mpira, akaizungusha hadi masafa yenyewe, ikatoa mlio wa mafuta yanayokaanga. Akasema huku hiyo haijawahi kushika, mlima unaizuia, labda uwe na mlingoti juu ya paa. Akaongeza kwamba amekuwa akijiuliza duka lile la viatu lina redio ya aina gani.

Nikamshuku kinyozi. Ndiyo, nilimshuku, nikafikiri dada yangu amemlisha maneno. Nikarudi kuchukua redio yetu, ile ya betri, nikatoka nayo mkononi ikiwa inanguruma. Kwenye ngazi ya mlango ilikuwa safi. Kwa fundi cherehani, jirani yetu, Koo la Chuma akaanza kukwaruza. Mbele ya duka la dawa akakata roho. Nikarudi nyuma, akafufuka. Nikaenda tena, akafa tena. Yule mwanamke aliacha kufagia, akaegemea fagio lake kunitazama vizuri.

Basi mawimbi hayakuwa yanavuka mlima. Yalikuwa yanatoka dukani kwangu.

Nilipanda kwenye stuli nikaanza kushusha maboksi ya rafu ya juu, yale ya namba kubwa ambazo hazina mguu wake duniani. Nyuma yake nikakikuta. Kilikuwa kidude kile ambacho madereva huchomeka kwenye gari ili nyimbo za simu zitokee kwenye redio. Kimeungwa na simu, na simu imeungwa na umeme. Simu ilikuwa inavuta redio ya kwetu kwenye mtandao, kidude kinairusha hewani, na nguvu yake inaishia kwa fundi cherehani. Simu niliijua. Kifuniko chake kina nembo ya redio, na Bwana Mawimbi alikuwa nayo mkononi siku ile ya ramani.

Nilikaa chini. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji ni baba wa watoto wa dada yangu. Mji mzima wa nyuma ya mlima haukuwahi kusikia jina langu. Tangazo lile huku nilikuwa nalisikia mimi tu, tena nikiwa ndani ya duka langu mwenyewe.

Lakini lile begi? Begi halikunitoka kichwani. Nikasema haya, mume ni tapeli, mke naye ni nani?

Bado nimekaa hapo, akaingia mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni. Alijitambulisha kuwa mwalimu wa michezo wa shule ya wasichana, akamuulizia yule dada anayewapelekea viatu. Masikio yakanisimama. Nikamuuliza kwa upole, upole wangu wa kuvizia, ni viatu vya aina gani hivyo. Akatembea hadi kwenye rafu yangu akagusa raba zangu, "Kama hivi. Si anavitoa hapa? Alituambia duka ni la kaka yake, tukaone wenyewe, lakini kutoka shule hadi huku ni mbali, basi anatuletea."

Nikamuuliza kama hakutusikia redioni.

"Redio gani?" akasema.

Akaacha ujumbe kwamba jozi za timu zimekwisha kuamuliwa, dada apeleke akipata nafasi, akaenda zake. Koo la Chuma akataja kona nyingine. Nikachomoa waya.

Dada yangu alirudi alasiri na kapu la chakula. Alikuwa amebadili nguo, amevaa lile gauni la kutokea, na alileta sahani mbili. Akaona kidude kwenye kaunta. Akaweka kapu chini polepole.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema tangu siku ya kwanza alipopangusa ile rafu. Mumewe alimwambia ni kwa muda mfupi tu, bosi ameahidi kujenga mnara mwingine mlimani, na mimi ndiye mteja mkubwa ambaye mumewe amewaletea, wakinikosa naye hana kazi. Mnara haukujengwa. Naye dada akaona akae kimya, viatu aviuze kwa miguu yake, hela aingize kwenye droo yangu. Mzigo ukitoka, alifikiri, hakuna atakayeuliza habari za mawimbi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini, kaka?"

Nilijibu kweli, kwamba ningekwenda kwa bosi wa mumewe siku hiyo hiyo, na jioni mumewe angekuwa anazurura bila kazi. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeitwa jina lake.

Ningenyamaza hapo. Lakini mimi nikishika jambo siliachi mpaka nilimalize, na nilitaka ajue kwamba sasa nimemwona ni mwema. Nikamwambia kuhusu mwalimu na ujumbe wake, dereva, begi, na jinsi nilivyodhani anauza vya kwake nyuma ya mgongo wangu. Niliyasema kwa kicheko kidogo, kama mambo yaliyopita.

Hakucheka. Akazitazama zile sahani mbili kwenye kapu.

"Kwa hiyo leo hukuja kunipumzisha."

"Hapana," nikasema.

"Na funguo?"

Macho yangu yakaenda kwenye funguo, akaelewa.

Nikazisukuma funguo juu ya kaunta hadi mbele yake. Nikamwambia yameisha, duka ni lake kama zamani, na mumewe sitamfikisha kwa bosi, nitamalizana naye mwenyewe kwa lugha ya shemeji. Kwa hasira zangu zinavyojulikana, hilo ni jambo kubwa, na nilingoja aone ukubwa wake.

Alisema asante. Halafu akachukua begi lake kutoka chini ya kaunta, akaanza kupanga jozi za shule, kubwa chini, ndogo juu, akizihesabu kwa midomo. Nikamwambia aache, tule kwanza. Akasema mimi nile, chakula ni cha moto. Mzigo wa mwalimu ataufikisha kwa sababu ameshaahidi, na baada ya hapo nimlete huyo niliyemtaka dukani. Sikuwa nimemtajia binamu ya mke wangu, lakini watu wa ukoo hawajui kufunga mdomo.

Nikauliza sasa kinachomfanya aondoke ni nini, na kila kitu kimeeleweka.

Akafunga zipu ya begi, akalitupia begani.

"Nilijua siku moja utakiona kile kidude," akasema. "Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtetea mume wangu, kaka, mengi sana. Ya kujitetea mimi sikuandaa hata moja."

Akavuka barabara, akamsalimia kinyozi, akashika njia ya shule. Funguo alikuwa ameziacha pale pale nilipozisukuma.