Mbwa wa Mkono Mmoja

Rénovat wa Kanyosha hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli kabla hatujaanza kumsema. Alikuwa mtu aliyeibiwa. Wezi walimrushia mbwa wake nyama yenye sumu, wakafungua zizi, wakaondoka na mbuzi wote. Asubuhi mke wake Mathilde akakuta kamba tupu, na mbwa amekauka mlangoni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile Rénovat hakulala vizuri, na mtu asiyelala huzaa mawazo mabaya.

Akanunua mbuzi wengine kwa shida, halafu akaenda Carama kwa rafiki yake, akarudi na kitoto cha mbwa ndani ya mfuko wa mchele. Cheusi, tumbo duara, sikio moja limesimama na jingine limelala. Akakiita Duane. Yeye mwenyewe alifanya kazi duane, yaani forodhani, mpaka akastaafu, na alitaka mbwa ambaye kwake hakipiti kitu.

Mathilde akakipenda palepale. Jordan, mwana wao pekee, alikuwa amekwenda Kampala kutafuta maisha, na nyumba ilikuwa kimya mno. Basi mama wa watu akapata wa kusemesha! Alikitafunia vichwa vya ndagala, dagaa wa ziwani, akakilaza juu ya kitenge chake cha zamani, na akienda bombani kuteka maji kilimfuata miguuni hadi akaogopa kukikanyaga.

Hapo ndipo Rénovat alipoona njia yake.

"Mama Jordan, huyu mbwa atakula kwa mukono moja tu. Huu wangu, wa kulia. Mutu mwingine akimupa, hata nyama ya harusi, akatae."

"Na atajua je?"

"Ni wewe utamufundisha."

Hesabu yake ilikuwa hii: mbwa akikataa chakula cha mtu anayempenda kuliko wote, mwizi atampatia wapi? Kwa hiyo Mathilde ndiye amwite, kwa sauti yake tamu ileile, amnyooshee nyama, na mdomo ukishafunguka tu, fimbo ya pua.

"Apana, Papa Jordan. Mi siwezi. Tafuta mutu mwingine."

"Mutu mwingine hatasaidia kitu. Ao unataka tuamuke tena tukute kamba?"

Samaki mkunje angali mbichi, wanasema, na wanaosema hivyo hawajawahi kumwuliza samaki. Mathilde akatii. Mara ya kwanza kitoto kililia mpaka jirani yao Chanelle akachungulia juu ya ukuta. Lakini kilichomvunja Mathilde moyo si kile kilio. Ni kesho yake. Alipokiita kilikuja mbio, mkia unazunguka, kimeshasahau au kimeshasamehe, kwa mbwa mimi sijui tofauti yake ni nini. Akakipiga tena. Na kesho yake tena. Siku nyingine kipande cha nyama kilijazwa pilipili. Siku nyingine chakula kiliwekwa chini kwenye sahani, na kikikigusa tu, fimbo. Kisha Rénovat alikuja na mkono wake wa kulia, na ugali, na maneno mazuri. Hata mkono wake wa kushoto aliupiga marufuku: alinyoosha mfupa kwa mkono huo, na kitoto kiliposogea akakizaba kofi. Tangu lini mkono wa kushoto ukampa mtu chakula?

Mathilde akimaliza zamu yake aliingia jikoni, akalia. Moshi wa makaa husingiziwa mengi.

Basi mbwa akajua. Akakua, kifua kikapanuka, na bado alimpenda Mathilde, alilala miguuni pake kila jioni. Ila mama akinyoosha mkono wenye kitu, macho ya mbwa yalikwenda pembeni. Rénovat akaita majirani wajaribu. Bonfils, fundi wa baiskeli, alileta brosheti nzima, mshikaki unaodondosha mafuta. Duane akageuza kichwa.

"Huyu ni mbwa ao ni padri?" Bonfils akauliza.

Rénovat akacheka hadi machozi. Tusimnyime haki yake: alikuwa na furaha, na mbuzi hawakuibiwa.

Halafu asubuhi moja, akiwakatia mbuzi majani, akaanguka. Presha, daktari alisema, na upande mzima wa kulia umekufa. Akalazwa. Mathilde akawa mtu wa njiani, hospitali na nyumbani, sufuria mkononi.

Nyumbani Duane hakula. Maji alikunywa. Chakula alikitazama tu, mate yanamtoka. Mathilde alileta ndagala, akaleta maini, akaleta maziwa. Aliweka chini akajificha. Alivaa koti la mume wake akafunga vifungo vyote. Wapi!

"Mama Jordan, njaa itamufundisha," Chanelle akamwambia.

"Njaa haikushika fimbo," Mathilde akajibu.

Rénovat aliporudishwa, mdomo umepinda, Bonfils amembeba kama gunia, mbwa alikuwa mifupa mitupu. Alijikokota hadi kwenye kiti akilia kwa furaha. Mzee akatabasamu kwa upande uliobaki. Akaomba nyama, akaishika kwa mkono wa kushoto, akamnyooshea. Duane akarudi nyuma. Akakizunguka kiti, akalala upande wa pili chini ya mkono uliokufa, pua yake inaugusa, akangoja.

"Kula!" Maneno yalitoka yamevunjika. "Kula, nakuambia!"

Kisha akalia, mzee mzima, mbele ya Bonfils.

Mathilde akaichukua ile nyama. Akaushika ule mkono wa kulia, mzito kama kuni mbichi, akakunjua vidole, akaweka nyama kwenye kiganja, akaushikilia kwa chini. Mbwa akala. Akalamba kiganja, akalamba katikati ya vidole.

"Mi sisikii kitu," Rénovat akasema.

Ikawa ndiyo kazi ya kila siku, watu wawili na mkono mmoja, na mbwa akarudisha mwili. Siku moja Rénovat alimwangalia akila, akasema polepole, "Mama Jordan, nikikufa utafanya je na huyu?"

"Usiseme hivyo."

"Unisamehe."

"Si mi wa kuombwa musamaha. Omba mbwa."

Alisema kwa hasira, na hasira yenyewe alikuwa nayo juu ya nafsi yake. Presha ilirudi mvua zikiwa bado hazijaisha, na safari hii haikumwacha Rénovat.

Siku ya pili baada ya mazishi, waombolezaji wakiwa mbele ya nyumba, Mathilde alichukua maini akaenda nyuma. Fimbo zote za uani alikuwa ameshazitia motoni. Akachuchumaa, akafungua mikono yote miwili.

"Ona, hakuna fimbo. Duane. Mutoto wangu. Kuja."

Mbwa akasimama. Akaja! Moyo wa Mathilde ukaruka. Alisogea taratibu hadi maini yakamgusa pua. Hapo akafumba macho, akalala chini, akainua uso, akangoja. Hakuja kula. Alikuja kupigwa, kwa sababu mama anayempenda amemwita, na mama huyo akiita ndivyo inavyokuwa.

"Yebaba we!" Mathilde akalia kwa sauti, na waombolezaji wakadhani analilia mume. "Ni mi nilikufundisha. Ni mi!"

Akamfungua meno kwa nguvu, akamtia maini kinywani. Yakaanguka chini mazima.

Alimwita kila siku, na kila siku mbwa alikuja akafumba macho, mpaka akawa hawezi tena kuinuka. Asubuhi ya kuondoa matanga, wiki kadhaa baadaye, Mathilde akamkuta amekwisha. Hakumwita Bonfils wala mtu yeyote. Alichimba mwenyewe nyuma ya zizi, akamfunika na kitenge, akafukia. Kisha akanawa mikono hadi viwikoni na kuingia jikoni, maana wageni walikuwa wameanza kufika, na wageni lazima wale.