Jembe la Kwanza

Bibi Marta alikufa saa moja asubuhi, Prisca akiwa bado ameshika kikombe cha uji. Alichana pindo la kanga yake, akamfunga bibi kidevu, akamfumba macho. Kisha akachukua ndoo akaenda mferejini, kwa sababu maji ya kumwosha hayakuwepo ndani. Njiani aliomba. Hakumwomba Mungu amrudishie bibi. Aliomba tu bibi azikwe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, kama mwenyewe alivyotaka.

Shamba hilo la Moshono bibi alilipata akiwa mjane, kwa kahawa yake. Prisca, mjukuu wake, alirudi hapo na watoto wawili baada ya ndoa kumshinda, akamuuguza bibi miaka sita. Kwa mila, shamba lilikuwa la mtoto wa kiume mkubwa. Kwa karatasi, Prisca hakujua. Bibi alimwambia mara nyingi: "Unizike hapa. Nikishalala hapa, nani atakutoa?" Wanunuzi wa mjini hawataki shamba lenye kaburi. Hakuna anayependa kujenga sebule juu ya bibi wa mtu.

Aliporudi na maji alimpigia simu Nelson, mtoto mkubwa wa bibi. Nelson aliishi Kisongo, upande wa pili kabisa wa mji, lakini baada ya dakika ishirini gari lake lilikuwa mlangoni. Alishuka na Emmanuel, mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Pole. Alisema chochote?"

"Aliomba maji."

"Zaidi ya maji?"

"Hapana."

Nelson aliingia, akasimama miguuni pa mama yake kwa muda wa kusema Baba Yetu, ila hakuisema. Kisha akatoka nyuma. Prisca alimwona dirishani akitembea kando ya ua wa michongoma akiwa amevaa mabuti. Siku zote alikuja na viatu vya kanisani.

"Mtu aliyefiwa humwangalia marehemu," alinong'ona Mama Silantoi, jirani aliyekuja kusaidia kuosha. "Huyu anaangalia ua."

"Mama, tuko mbele ya maiti."

"Na yeye anasikia. Ndiyo maana nasema."

Saa nane wanaukoo walikaa chini ya turubai. Nelson alisema mama atazikwa makaburi ya jiji. Eneo la nyumbani lilikuwa dogo, wageni wangekuwa wengi, na mambo ya siku hizi yalikuwa na utaratibu wake. Mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali kabla Nelson hajamaliza.

Prisca alikuwa ameshakata jani la isale. Alipita katikati ya wanaume, akapiga magoti, akaliweka mikononi mwa baba yake mkubwa. Ombi linalokuja na isale halikataliwi, na kila aliyekuwa pale alijua.

"Naomba bibi azikwe nyumbani."

Nelson alilitazama jani. Hakukasirika. Hata hakufikiri.

"Nimepokea," alisema. "Nyumbani."

Wanawake wakashukuru kwa sauti ya chini. Prisca alibaki amepiga magoti. Kwa miaka sita baba yake mkubwa alibishana naye hata juu ya mkungu mmoja wa ndizi, na sasa alikuwa amekubali upesi mno. Alijilaumu kwa kumwazia mabaya siku kama hiyo, akaomba msamaha kimyakimya. Ila alipokuwa akigawa chai, hakumwondolea Nelson macho.

Saa kumi na moja wanaume walienda kuonyesha mahali pa kaburi. Ni kazi ya mtoto mkubwa kupiga jembe la kwanza, na wanawake hawafuati. Prisca alikuwa akisuuza vikombe Mama Silantoi alipokuja mbio.

"Prisca. Wameipita migomba."

Aliacha vikombe. Aliwakuta nje ya ua wa michongoma, kwenye kipande cha majani kando ya barabara. Nelson alikuwa ameshapiga jembe. Mzee Sakaya, mkubwa wa ukoo, alikuwa anatandaza kamba kupima urefu, na upande mmoja wa kamba ulifika kwenye vumbi la barabara. Ndani ya ua, chini ya majani makavu, Prisca aliona jiwe la mpaka, la zege, lenye namba nyekundu. Hakuwahi kuliona. Wiki tatu nyuma vijana fulani walikuja na vifaa vyao, wakasema wanapima njia ya bomba la maji, naye aliwapa ndizi.

"Baba mkubwa, hapa ni nje."

"Nje ya nini?"

"Nje ya shamba."

"Kumbe wewe ni mpima ardhi!" Baadhi ya wanaume wakacheka. "Uliomba nyumbani. Hizi si hatua kumi kutoka jikoni kwako?"

Prisca akamgeukia Emmanuel. "Mwenyekiti, hapa ni hifadhi ya barabara. Wewe mwenyewe ulitung'olea mahindi tuliyopanda hapa."

"Mahindi ni mahindi, dada. Huyu ni marehemu."

"Na siku wakipanua barabara?"

"Siku hiyo tutakaa kikao."

Mzee Sakaya alinyanyuka polepole. Hakuwa na furaha usoni. "Mwanangu, mtoto mkubwa akishapiga, kaburi halihamishwi. Shimo likiachwa tupu linaita mwingine. Na wewe una watoto."

Prisca aliangalia nyuma. Wanawake walikuwa wamefika uani. Hata Mama Silantoi aliinamisha macho.

Emmanuel akatoa kibali cha mazishi mfukoni. "Sahihi ya mwombaji. Ni wewe uliyeshika isale, sote tumeona."

Majina yake yalikuwa yameshaandikwa, yote matatu, pamoja na la babu yake. Mahali pa kuzikia palisomeka: kando ya barabara, kwa ombi la mjukuu. Aligusa maandishi kwa kidole. Wino ulikuwa umekauka.

"Umeandika lini hii?"

"Weka sahihi, jua linazama."

Alishika kalamu. Honi ikalia nyuma yao. Bodaboda iliyobeba shehena ya majani ya ng'ombe ilikuwa inataka njia, na wanaume wakasogea kuipisha, wengine wakivua kofia kwa mazoea ya msiba. Dereva aliwashukuru kwa mkono. Gurudumu lilikanyaga kamba ya Mzee Sakaya, upande ambao miguu ya bibi ingelala, likaacha alama yake kwenye udongo uliolimwa.