Jiwe Lililonyweshwa Gundi

Mtafiti alipoliona jiwe lake ndani ya kabati la vioo pale kwenye ukumbi wa maabara, linang'aa kama sahani mpya, alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Nani kaligusa? Wiki nzima alikuwa kwa mama yake mgonjwa, na jiwe aliliacha juu ya meza yake, kavu, chafu, limefungwa kwenye gazeti. Uchafu ule alikuwa akiulinda kama mboni ya jicho.

Wewe ungeona jiwe tu, la kijivu, lenye mshipa mweupe katikati. Zamani za kale lilikuwa tope la chini ya bahari. Vijidudu vilikufa vikaozea humo, nitrojeni yao ikabaki. Kisha sakafu ya bahari ikasukumwa chini ya nchi kavu, taratibu kama kucha inavyoota, joto likalikamua tope maji yake, na maji yakapanda kupitia ufa uliokuja kuwa mshipa ule mweupe. Swali la mtafiti lilikuwa moja: maji yale yaliibeba nitrojeni yakairudisha juu, au yaliiacha ndani ya ulanga, vile vigamba vya jiwe vinavyometameta, izidi kushuka? Jibu lilikuwa kandokando ya mshipa, sehemu ya upana wa kidole. Na jiwe lilikuwa hilo hilo moja tu. Mwamba lilikotoka ulishapigwa baruti, ukawa kokoto za barabara.

Kumbe jiwe lishuke vilindini, libanwe, lichomwe, lirudi juu salama, lije kumalizwa na mtu mwenye brashi!

Alimkuta mkuu wa maabara ofisini akifunga tai. Mkuu huyo alikuwa baba yake mdogo, aliyemlea tangu baba yake mzazi afariki, na aliyemfundisha kushika nyundo ya mawe. Wenzake kazini hawakuchoka kumkumbusha undugu huo.

"Shikamoo, baba. Nani kalipaka jiwe langu?"

"Marahaba, mwanangu. Mgonjwa anaendeleaje? Nimelipaka mimi! Lilikuwa linamong'onyoka, nikalipaka gundi ile ngumu, tena na tena, mpaka ikazama. Leo tuna wageni, ulitaka waone kifusi? Tena usinune, kazi nimekumalizia. Nimelichonga unga, nimeupima. Nitrojeni imejaa mshipani, si mchezo! Maji hayakuiacha chini, yaliibeba. Na jina lako nimeliweka la kwanza."

"Umepima kabla ya gundi, au baada?"

"Baada. Lingevunjika, si unajua?"

Dawa inayogandisha gundi ile imejaa nitrojeni, jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analijua. Na gundi hupenya zaidi penye nyufa, na nyufa za jiwe lile zilikuwa kwenye mshipa. Mzee mzima, miaka yote hiyo ya kazi, kapima gundi yake mwenyewe na anashangilia!

"Baba, hiyo ni gundi."

Mkono wa mkuu ulisimama kwenye tai. Alielewa, hilo lilionekana usoni. Kisha akamalizia kuifunga.

"Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu. Wageni wakishaondoka tutarekebisha."

Laiti asingeelewa! Kosa la haraka angemsamehe, maana nani hajawahi kukosea? Lakini huyu alikuwa anajua, na bado anatoka kwenda kuwadanganya watu, kwa jina la mwingine. Mtafiti alimfuata mpaka ukumbini.

Mkuu alihutubia vizuri, kama kawaida yake. Aligonga kioo cha kabati, akasema jiwe hili limebadilisha fikra zote kuhusu maji ya chini ya ardhi, halafu akanyoosha mkono. "Na aliyegundua ni huyu hapa, binti yangu!"

Wageni wakapiga makofi. Mtafiti akasimama.

"Asanteni. Naomba mfute jina langu. Kilichopimwa ni gundi. Jiwe lilinyweshwa gundi ili liwapendeze, na gundi hiyo ina nitrojeni. Sikugundua chochote."

Makofi yalikatika. Mama mmoja mwenye miwani, aliyekaa mbele, akauliza, "Sasa jiwe lenyewe lilikuwa na kiasi gani?"

"Sijui, mama. Na hakuna atakayejua tena."

Baba yake mdogo alimsogelea, sauti ya chini. "Mimi niliyekulea ndiye wa kuniaibisha mbele za watu? Nani alikufundisha kazi hii?"

"Wewe, baba," alijibu, na machozi ya hasira yakamtoka asijali nani anaona. "Wewe ndiye uliyenichapa mkono siku niliyotaka kupaka jiwe kabla ya kulipima."