Matairi ya Kulia

Gari lilimponyoka Cheche kwenye kona ambayo madereva waliibatiza Kiwiko, asubuhi mbichi, barabara ya mlimani ikiwa imefungwa kwa ajili ya mazoezi. Alikata kushoto kama siku zote. Mzigo wote ukaegemea matairi ya kulia, na matairi ya kulia yakalegea chini yake kama miguu ya mlevi. Nyuma ikachomoka, ukuta wa mawe ukamjia usoni, akazungusha usukani, akazungusha tena, na kile kigari chake cha michezo cha viti viwili kikasimama kikitazama kilikotoka. Kati ya kioo cha pembeni na jiwe palibaki unene wa kiganja.

Alishuka, akapiga magoti, akatoa geji ya upepo mfukoni. Matairi ya kushoto yalisoma ishirini na nane, mbele na nyuma. Ya kulia yalisoma ishirini na tano, mbele na nyuma.

Hakutukana. Hapo ndipo anayemjua angejua kwamba amekasirika kwelikweli.

Msumari hauchomi matairi mawili kwa pamoja, ukayapunguza sawasawa, kisha ukaondoka bila kuacha tundu. Hapo palikuwa na mkono wa mtu.

Na hiyo ishirini na nane hakuiokota njiani. Alijaribu thelathini na mbili, gari likadundadunda kama linapita juu ya gololi. Akashusha hadi ishirini na sita, kila kona ikawa kama kukoroga uji mzito. Kwenye ishirini na nane gari liling'ang'ania lami kama kupe. Basi akaiandika namba hiyo kwa chaki ubavuni mwa kila tairi, kama walivyozoea. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye fundi wa gari hilo, na gereji yao iliyokuwa nyuma ya nyumba ya Cheche ilikuwa na sheria tatu alizoziweka yeye mwenyewe: injini ni ya fundi, upepo ni wa dereva, na namba ya chaki haijadiliwi. Ikishaandikwa, imeandikwa. Ndiyo maana asubuhi ile Cheche hakupima tena. Aliiamini chaki.

Jumamosi mlima ungefungwa kwa mashindano yenyewe. Alikuwa na mpaka siku hiyo kumjua huyo mtu. La sivyo, ama ajitoe, ama akutane tena na Kiwiko bila kujua amekalia nini.

Akajaza upepo, hakumwambia mtu. Kesho yake asubuhi akapima. Kushoto ishirini na nane. Kulia ishirini na tano.

"Haya," alijisemea. "Tumeanza."

Wa kwanza kumshuku alikuwa mumewe. Mume alikuwa mwalimu wa hisabati, mpole mpaka anakera, na hajawahi kulipenda gari lile. "Hilo gari litaniacha mgane," alizoea kusema. Ufunguo wa lango alikuwa nao. Tena tangu mabati ya gereji yaezuliwe ili yabadilishwe, gari lililala uani, ubavu wa kushoto ukibana ukuta wa nyumba, wa kulia ukiwa wazi upande wa lango. Mtu akichuchumaa kwa haraka, ni upande huo huo wa kulia atakaoufikia.

Cheche akajaza tena upepo, akachukua rangi yake ya kucha, nyekundu, akachora kistari chembamba kwenye kila tairi, kikianzia juu ya kifuniko cha valvu na kushukia kwenye valvu yenyewe. Atakayefungua kifuniko, kistari kitakatika, na hata akikirudisha hakitakutana vilevile. Rangi ikakauka. Akaingia ndani akiosha mikono kama mtu aliyetoka kupalilia maua.

Usiku mezani alikuwa anamtazama mumewe vidole.

"Kwani vimeota?" mume akauliza.

"Nini?"

"Vidole vyangu. Unavihesabu tangu tumekaa."

"Natazama tu."

"Mke wangu, wewe ukitazama tu, huwa kuna kesi."

"Umewahi kugusa gari langu?"

"Mimi?" Akaweka kijiko chini. "Lile gari hata kivuli chake nakiruka."

Kajibu upesi mno, Cheche akawaza. Kisha akawaza kwamba angechelewa kujibu, angesema kachelewa mno.

Asubuhi vistari vya kushoto vilikuwa vizima. Vya kulia vilikuwa vimekatika vyote viwili. Akajaza upepo tena.

Siku hiyo mjomba alipitia mapema kuchukua spana zake kabla ya kwenda kazini kwake, karakana ya mabasi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, Cheche wangu. Mbona macho yamekuvimba?"

"Usingizi."

Mjomba akatikisa kichwa. Hakuuliza habari za Kiwiko, ingawa mtaa mzima ulikuwa unazisimulia, wengine wakiongeza kwamba gari lilipinduka mara mbili. Akatupa jicho kwenye matairi, akalitupa kwenye dirisha la chumbani kwa mume, akaondoka na spana mkononi. Cheche alibaki amesimama palepale. Kwa nini hakuuliza? Na wiki ile ile si alimkuta langoni na Miwani, dereva wa gari la njano ambaye kila mtu alijua ndiye mpinzani wake mkubwa? Walikuwa wanacheka, mjomba kashika mbavu. Walipomwona, wakanyamaza.

Alitamani kulitoa wazo hilo kichwani. Mjomba ndiye aliyempakata kwenye usukani kabla miguu yake haijafika kwenye klachi. Jina la Cheche alimpa yeye. Lakini shaka ikishaingia haiombi kiti, inakaa. Kila alichokumbuka sasa kilikuwa na upande wa pili.

Mchana alimpigia mjomba simu kwamba anakwenda sokoni, akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi kwa mlango wa jikoni. Akajibanza nyuma ya pazia. Jua likavuka paa na kuuangukia ua wote. Akasubiri mpaka shingo ikamuuma.

Lango likalia. Mjomba akaingia kutoka kazini, kachoka, shati la kazi begani. Akatazama nyumba. Akatazama tena, kama mwizi wa kuku. Kisha akachuchumaa kwenye tairi la nyuma la kulia, akafungua kifuniko, na Cheche akausikia upepo ukitoka: ssss.

Alitoka mbio, bila viatu.

"Miwani amekuahidi nini?"

Mjomba akaruka, kifuniko kikamdondoka. "Cheche! Si ulikwenda sokoni?"

"Nakuuliza wewe! Amekuahidi nini mpaka ukubali nikafie ukutani?"

"Punguza sauti, mumeo atasikia."

"Asikie! Na majirani wasikie! Fundi wangu ananitoa upepo!"

"Nakutoa?" Mjomba akasimama. "Nakurudishia! Chaki yako inasema ngapi? Ishirini na nane. Geji inasema ngapi? Soma mwenyewe tairi la mbele, sijaligusa. Thelathini na moja! Kila jioni nakuta thelathini na moja. Kuna mtu anaongeza upepo humu ndani, uteleze, uogope, uache mbio. Nikasema nikikwambia ni nani, nitakuvunjia ndoa. Basi nikawa napunguza kimyakimya."

"Ni nani?"

Mjomba aligeuza macho kwenye mlango wa nyumba.

Mume alikuwa amesimama kizingitini, madaftari ya wanafunzi kwapani. "Mimi?" akasema. "Yaani mimi? Mimi hata mpira wa watoto wa shule najaziwa na mlinzi!"

Cheche akaliendea lile tairi la mbele, geji mkononi, akachuchumaa kwa hasira, na ili asianguke akalishika kwa kiganja.

Akakitoa upesi.

Akakirudisha polepole. Mpira ulikuwa wa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Akazunguka, akajipenyeza kati ya gari na ukuta, akashika la kushoto. Baridi, kama mtungi. Akapima: ishirini na nane.

"Mjomba," alisema kutoka kule ukutani. "Njoo ushike."

Mjomba akashika la kulia. Akaangalia jua, akaangalia gereji isiyo na mabati. Miaka yote gari lililala chini ya paa, na namba ya asubuhi ilikuwa ndiyo namba ya jioni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Cheche kwamba upepo huvimba kwa joto. Lakini gari lilikuwa halijatembea, na alikuwa keshampata mkosaji. Kwa nini ahangaike kugusa mpira? Jua likiuchoma ubavu mmoja, yeye akipunguza, usiku ukipoa, asubuhi inabaki ishirini na tano.

"Ni jua," mume akasema, akaanza kuchora hewani kwa kidole. "Ni kwamba joto likipanda..."

"Nyamaza," wakamwambia wote wawili.

Mjomba akaokota kifuniko, akakifunga. Akapangusa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Miwani," alisema bila kumtazama Cheche, "aliniomba nimfundishe kubadili gia kwenye mlima. Nilicheka kwa sababu nilidhani anatania. Tukanyamaza kwa sababu alikuonea haya." Akachukua shati lake. "Injini yako iko tayari."

Lango likalia tena.

Hakuja kesho yake.

Jumamosi magari yalipangwa foleni chini ya mlima, juani, upande mmoja ukiungua kuliko mwingine. Cheche alikuwa amefunika matairi kwa mashuka, na mumewe amesimama upande wa jua na mwavuli mkubwa, akiukinga mpira huku watu wakimcheka. "Mwalimu, tairi limekuwa bibi harusi?" akauliza mmoja. "Afadhali bibi harusi," akajibu, "mie mpaka juzi nilikuwa mchawi."

Mjomba akatokea katikati ya watu.

"Shikamoo mjomba," Cheche akasema.

Hakuitikia. Akaenda tairi kwa tairi, akainua shuka, akaweka kiganja kwanza, akangoja, ndipo akapima. Yote manne ishirini na nane. Akasoma chaki. Chini ya namba, Cheche alikuwa ameongeza maneno: asubuhi, kivulini.

"Ile rangi yako ya kucha unayo?" akauliza.

"Mjomba, tafadhali."

"Unayo au huna?"

Akampa. Mjomba akachuchumaa na kile kiburashi kidogo kwenye vidole vyake vinene, akachora kistari juu ya kila valvu, zote nne, mbele ya watu. "Ukirudi usije ukaniuliza," alisema.

Cheche akainama kukifuta cha kwanza kwa kidole gumba. Kilikuwa kimeshakauka.

Bendera ikashuka. Hakukumbuka sana ya njiani. Alikumbuka Kiwiko: alivyokata kushoto, alivyokaza meno kungoja yale matairi ya kulia yamwangushe, na yalivyomshika. Yalimshika moja kwa moja mpaka ukuta ukabaki nyuma.

Aliporudi chini, watu walimkimbilia wakitaka kujua muda wake. Mjomba hakuuliza muda. Alipiga goti, akapitisha ukucha juu ya kistari cha kulia nyuma, kisha cha kulia mbele. Vizima. Cheche alijikuta naye akivitazama, akajionea aibu kwamba alitazama.

Mjomba akainuka taratibu, akishika kiuno.

"Marahaba," alisema.